Ulezi wa Mzee Kasmir

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa zangu shikamooni, na ninyi vijana, marahaba. Leo tunamkumbuka Mzee Kasmir, mkulima wa huku Ufipa, tuliyemzika Jumamosi. Mzee Kasmir alilima ulezi, na ulezi ule ndio uliokuwa ada ya mjukuu wake.

Mjukuu huyo ni Edith. Wazazi wake walikwisha kufariki. Alipata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo ya mpaka, Zambia. Basi mzee akapika pombe, akaita majirani, wakamlimia. Ndivyo tunavyosaidiana Ufipa: unakuja na jembe, unaondoka umekunywa. Kila mavuno yakamvusha Edith mwaka.

Siku ya kumsindikiza, mzee alimtania, "Mke wangu, ukijua kuchoma sindano, anza na hawa walevi."

Edith akajibu, "Nitaanza na anayewanywesha."

Akafika mwaka wa mwisho. Ndipo wakaja wakubwa wa mfuko mmoja wa elimu. Wakatangaza mkutanoni kwamba watawalipia ada wanafunzi wanaosoma ng'ambo ya mpaka. Jina la Edith likasomwa. Tukapiga vigelegele.

Sasa, Mfipa hashukuru kwa mdomo mkavu. Mzee Kasmir alifungua ghala, akatoa ulezi wote, ule ule wa ada, ukapikwa pombe ya wageni.

Mkewe, Mama Margareth, alimwambia, "Baba, subiri kwanza fedha ifike."

Mzee akasema, "Mtu mzima ameahidi mbele za watu. Nimvizie kama mwizi?"

Wageni wakanywa, wakapiga picha, wakaondoka.

Fedha haikuja. Mzee alipofuatilia Sumbawanga mjini, aliambiwa mwongozo umebadilika: mfuko unalipia vyuo vya ndani ya nchi tu. Na ghala lilikuwa tupu. Chuo kikamrudisha Edith kabla ya mtihani wa mwisho. Narudia, wasikilizaji wapendwa: kabla ya mtihani wa mwisho. Leo anauza dagaa wa Kirando pale sokoni Mazwi. Mzee naye hakuita tena watu shambani. "Niwaite niwaambie nini?" alisema.

Msibani alikuja afisa wa mfuko ule, mmoja wa wale waliotangaza mkutanoni. Akaomba kusema neno juu ya marehemu, mpenda elimu. Mama Margareth hakuinuka kwenye mkeka. "Kaa tu, mwanangu. Wewe ulikwisha kusema."

Kijiji cha Mzee Kasmir kina zahanati mpya. Ina vitanda, ina rangi nzuri, haina muuguzi. Mzee alipobanwa na kifua, mlango ulikuwa na kufuli. Edith alimuuguza nyumbani, kwa maji ya moto na mikono yake.

"Dawa niliijua," aliniambia. "Ila bila cheti, nani angenipa ufunguo?"

Pole sana, Mama Margareth. Pole, Edith. Poleni majirani mliolima shamba lile. Mungu amlaze mzee wetu mahali pema. Nasi tuliobaki tutafakari. Na yeyote anayejiandaa kusimama mbele ya watu kuahidi, kwanza apite pale zahanati, alitazame lile kufuli.