Mama Shija na Folda Iliyoikatalia Mizani

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2007, Bibi Justina Ngassa, Mama Shija wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda hiki cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Meneja Constantine ameniomba niandike wasifu mfupi, na nisiguse mambo ya mwaka 2005. Mfupi nitaandika.

Aliingia mwaka 1976 akiwa karani wa masjala, enzi za ushirika. Dirishani kwake hukupewa faili kabla hujamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, na kujieleza wewe ni mtoto wa nani, wa wapi. Hata mameneja walisaini daftari. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, wenzetu wengi waliondoka na barua za kupunguzwa kazi, naye akaambiwa kompyuta si za umri wake. Haya! Alikwenda Mwanza kwa likizo yake mwenyewe, akarudi na cheti, akakibandika juu ya dirisha ili aliyesema akione kila asubuhi.

Sasa 2005. Msimu umeanza, malori ya pamba kutoka Sola na Ipililo yamepanga foleni. Sisi wanne wa chumba cha mizani tuliingiza uzito kwenye folda ya pamoja iliyokaa katika kompyuta ya ofisi. Jumatatu ilifunguka. Jioni fundi kutoka Mwanza akaiboresha kompyuta ile, na Jumanne folda ikatukatalia. Fundi akasema mashine zetu zimechoka na sisi wenyewe hatujui kuzitumia. Ikaandikwa barua ya kutupunguza wote wanne, jina langu la kwanza, Mama Shija akatakiwa aigonge muhuri.

Aligoma. Alisema mbele ya wote kwamba watu wanne hawawezi kulala na akili zao wakaamka wajinga siku moja. Kisha akachomoa kompyuta yangu, akakunja ngata ya khanga, akajitwika, akavuka uwanja huku madereva wakicheka, akaichomeka kwenye waya wa ofisi. Folda ikafunguka. Akairudisha chumba cha mizani, folda ikakataa. Basi mashine ni nzima, shida ni upande mashine inakotokea.

Ofisi na mizani zina mitandao miwili yenye namba tofauti, iliyounganishwa na ruta. Mama Shija aliketi kwenye kompyuta ya ofisi, akafungua mipangilio ya ulinzi, akakuta maboresho ya fundi yameweka sharti: folda ifunguke kwa mashine za mtandao wa ofisi tu. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kumbe mashine nayo inauliza mtoto wa nani, ila inawaitikia wa nyumbani kwao peke yao! Fundi akashauri ulinzi uzimwe wote. Mama akakataa katakata, kwa kuwa masjala haiachwi wazi, akaongeza namba za mizani tu. Saa kumi na dakika kumi folda ikafunguka kwetu.

Barua ile aliifungulia faili, akaandika juu yake kwa wino mwekundu: Haikutumika. Ipo masjala mpaka leo. Anayetaka kuisoma asaini daftari.

Asante, Mama Shija. Nenda salama Sola kwa ng'ombe na wajukuu wako, ule, upumzike, afya isikupungukie. Sisi wanne wa mizani bado tupo kazini.

Kija Salu, Mizani