Sigara Moja Mfukoni

Jioni ile kwenye basi, mbele yangu waliketi watu wawili wasiojuana: fundi wa kuchomelea vyuma na mama mshonaji aliyepakata cherehani ya mkono. Fundi alipiga simu mara nne, haikupokelewa. "Mwenzangu wa kazini," alimwambia mama. "Tuliapa kuacha sigara leo. Mmoja akizidiwa, ampigie mwenzake. Saa nne nimemkuta nyuma ya stoo anapuliza moshi!"

"Na wewe?"

"Sijavuta. Lakini mama, wenzangu wote wako huko nyuma ya stoo. Leo nimekunywa chai peke yangu, naangaliana na mtungi wa gesi."

Mimi ningemporomoshea matusi huyo mwenzake, ila hakuna aliyeniuliza.

"Mimi huu ni mwaka wa sita," mama akasema. "Siku ya kwanza nilitafuna uzi mpaka mteja akanionea huruma. Hiyo sigara unayoipapasa mfukoni, itupe."

"Nikiitupa nitabaki na nani?"

"Na mimi. Andika namba."

"Utapokea kweli?"

"Mwanangu, tangu watoto wahame, simu yangu imekuwa saa ya ukutani. Wewe piga tu."

Aliandika, lakini mkono mwingine haukutoka mfukoni. Basi likasimama, akashuka. Nilimwona kituoni, sigara mkono mmoja, simu mkono mwingine, akizitazama kwa zamu. Mama hakugeuka kumwangalia. Alikuwa ameiweka simu yake juu ya cherehani, anaisubiri.