Mkono Mzito, Nyuzi Nyembamba

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna kitu jikoni, punguzeni moto kwanza, mje tukae. Leo tunamkumbuka mpiga gitaa aliyezikwa juma lililopita, mwanamke ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Kumi na Moja. Nasema tena, Kumi na Moja. Wapo waliodhani alizaa watoto kumi na mmoja. Wapo walioapa kwamba ni mambo ya mpira. Mtoto alizaa mmoja tu, wa kike, na mpira hakuwa na habari nao.

Jina hilo lilitoka kwenye nyuzi za gitaa. Kwa sababu ya nyuzi alipigwa, akavunjwa vidole, na siku moja naye akapiga. Hiki si kipindi cha kubembelezea usingizi. Mwenye watoto wadogo karibu na redio aamue mwenyewe.

Tuanze na hizo nyuzi, maana bila hizo hamtamwelewa. Gitaa la umeme lina nyuzi sita. Zinauzwa kwa seti, na kila seti inaitwa kwa unene wa uzi wake ulio mwembamba kuliko wote. Kuna tisa, kuna kumi, kuna kumi na moja. Tisa ni laini, unaweza kuzibonyeza huku unapiga miayo. Kumi na moja ni nene, ni ngumu, zinang'ata vidole mpaka ngozi inaota sugu. Sasa shikeni jambo moja. Mtu mwenye mkono mzito akipewa nyuzi nyembamba, kila anapobonyeza, uzi unavutika kupita kiasi na sauti inapanda. Sauti inachacha, yaani inatoka nje ya noti yake. Sikio lake zima, gitaa zima, lakini wimbo unachacha. Nasema tena, sikio zima, wimbo unachacha.

Kumi na Moja alizaliwa nyuma ya bucha. Chumba walicholala na bucha la baba yao vilitenganishwa na mlango mmoja wa bati. Baba alikuwa na maneno machache na makofi mengi. Ukikata nyama vibaya, unakula ubapa wa kisu mgongoni. Ukilia, unaongezwa. Mdogo wake wa kiume, ambaye mpaka leo ndiye mwenye bucha lile, alituambia kwamba dada yake alishika msumeno wa mifupa kabla hajajua kusoma saa. "Dada alikuwa anapasua paja zima la ng'ombe, mimi bado natafuta pa kushika," anasema. "Akikukamata mkono, hutoki mpaka apende yeye."

Gitaa la kwanza alilopiga lilikuwa la mbao, bovu, la jirani, lililofungwa nyaya nene za breki za baiskeli. Kwa mkono ule na nyaya zile, lilitoa sauti safi. Baba alivumilia siku chache. Asubuhi moja alilichukua, akaliweka juu ya gogo la kukatia nyama, akalipasua kwa shoka mbele ya wateja, kisha akaendelea kupima maini. Binti alifunga nguo zake kwenye mfuko, akatoka kwa mlango wa mbele, akiwapita wateja wale wale.

Ndipo akaingia kwenye bendi ya Kapteni. Huyu Kapteni hakuwahi kuendesha hata mtumbwi. Alikuwa mwimbaji, mwenye bendi, mwenye suti nyeupe na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alimpenda binti wa bucha, akamwoa, wakapata mtoto wao. Nyuzi za bendi nzima Kapteni aliziweka kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni. Yeye ndiye aliyegawa. Mpiga gitaa la pili alipewa kumi. Mkewe alipewa tisa. Vidole vya mwanamke, alisema, ni vya kusuka nywele, visije vikaumia. Na hapo mjue kwamba Kapteni alikuwa hajawahi kubonyeza uzi hata mmoja maishani mwake.

Basi mkono wa msumeno ukakutana na nyuzi za tisa. Mnajua kilichotokea.

Bendi ilipiga kila Jumapili mchana kwenye ukumbi mmoja wenye feni mbovu na sakafu ya saruji. Wimbo ukiisha, Kapteni aliwageukia watu kwa tabasamu, akainama kama anayemnong'oneza mkewe la mapenzi, na kumwambia neno moja. Umechachisha. Watu walipiga makofi wakidhani ni mahaba. Baadaye, kwenye chumba cha stoo kati ya makreti ya soda, alimpiga. Alianza na makofi. Akaja na mkanda. Akaja na kiatu, upande wa kisigino. Wenzao katika bendi walikuwa wanafunga vyombo, na kila kipigo kikianza, wao waliburuza spika kwa nguvu zaidi ili wasisikie. Mikono yake Kapteni hakuigusa. Alimpiga mbavu, alimpiga mgongo, alimpiga kichwa. Mikono ilikuwa ni ya kazi.

Na kibaya kuliko kipigo ni kwamba mama huyu aliamini. Alikwenda hospitali kupimwa masikio. Akaambiwa hayana tatizo lolote. Akadhani mashine ndiyo mbovu. Kila alipochacha alibonyeza kwa nguvu zaidi ili asikosee, na kila alipobonyeza kwa nguvu zaidi, alichacha zaidi. Mdogo wake alimtembelea, akamkuta jicho limefumba, akamwambia arudi nyumbani. Dada akamjibu kwamba ana sikio bovu na mume wake anamvumilia sana. Mdogo mtu alirudi buchani akapiga ngumi ukuta mpaka akachubuka. Hana aibu kulisema hilo.

Wasikilizaji wapendwa, siku zinakwenda, ikaja bendi ya wageni kushiriki nao ukumbi. Mpiga gitaa wao aliitwa Mzee Jino, kwa sababu ya jino moja la dhahabu alilokuwa analionyesha hata asipochekeshwa. Mchana, wakati wa mazoezi, mama yetu akakatikiwa na uzi. Kapteni alikuwa ametoka na ufunguo wake. Mzee Jino akavua gitaa lake akampa. Gitaa hilo lilifungwa nyuzi za kumi na moja.

Akapiga. Sauti ikatoka safi. Akasimama. Akapiga tena pale pale alipokuwa anachacha siku zote, ikatoka safi. Mzee Jino hakuwa anatazama gitaa, alikuwa anatazama mkono.

"Mwanangu," akamwambia, "mkono huu nani kaupa tisa? Sikio lako halina neno. Uzi ndio mwembamba."

Alikaa juu ya spika. Hakulia. Alimsimulia mdogo wake baadaye kwamba alipatwa na hasira iliyoanzia miguuni, hasira mpaka meno yakamuuma. Vipigo vyote vile. Mbavu zile zote. Na kosa lilikuwa ndani ya sanduku la yule anayempiga.

Mzee Jino alimpa seti mpya. Mama akaifunga mwenyewe, akapiga onyesho zima bila kuchacha mahali. Watu waliacha kucheza wakasogea mbele. Mzee Jino, kwa furaha yake, akawa anawaambia watu kwenye kona kwamba hiyo ndiyo kumi na moja, kumi na moja hiyo, na jina likamganda tangu siku hiyo.

Mngedhani Kapteni angefurahi. Mke wake amepiga vizuri, ukumbi umejaa, nini tena. Lakini Kapteni aliingia stoo, akauliza ni nani aliyebadilisha nyuzi. Bendi nzima ilikuwepo.

"Mimi," mkewe akasema. "Na sikuwahi kuchachisha. Wewe ndiye uliyekuwa unanipa nyuzi zisizo zangu."

Safari hii haikuburuzwa spika hata moja, kwa hiyo wote walisikia. Kapteni alimkamata mkono wa kushoto, mkono unaobonyeza, akauingiza kwenye sanduku la nyuzi, akabamiza mfuniko. Akaufungua, akabamiza tena. Kisha akapanda juu yake kwa viatu. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilivunjika. Mpiga ngoma ndiye aliyemvuta Kapteni chini, akachelewa.

Alimwacha Kapteni, akahamia kwa mdogo wake pamoja na mtoto, na vidole vikapona vikiwa vimepinda. Daktari alisema mkono ule hautarudisha nguvu yake. Na hapa pana uchungu ambao mimi binafsi naumeza kwa shida. Sasa ndipo nyuzi za tisa zilipomfaa kweli. Kapteni alikuwa ameuvunja mkono mpaka ukaenea kwenye kipimo alichokitaka yeye.

Mdogo wake, kwa nia njema kabisa, alimnunulia seti ya tisa akamwekea mezani. Dada alimpiga kofi mdogo wake huyo, aliyekuwa anampikia uji na kumfulia. Kisha akazitupa nyuzi kwenye mtaro. Akafunga kumi na moja, akabonyeza kwa vidole vilivyopinda mpaka damu ikashuka kwenye shingo ya gitaa. Akafanya hivyo kesho yake na kesho kutwa. Vidole vikavimba, akaanguka sakafuni kwa maumivu. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba ama angeacha nyuzi zile, ama angeacha gitaa.

Mzee Jino alikuja kumjulia hali. Aliutazama mkono, akalitazama gitaa, akamwambia azilegeze. Azishushe nyuzi zote sita kwa kiasi kimoja, unene ubaki ule ule, ukali upungue. Wala si uchawi. Uzi mnene ukilegezwa unakubali mkono ulioumia, na bado haupayuki kama uzi mwembamba. Alizishusha. Mkono na nyuzi vikapatana. Ile sauti nzito, ya chini, ambayo mmeicheza kwenye harusi zenu mkadhani ni mtindo tu, ilitokana na vidole viwili vilivyovunjwa. Waimbaji waliofanya naye kazi ilibidi washushe sauti zao. Waliolalamika aliwaambia washuke au waende.

Kapteni hakuridhika. Jumapili moja, Kumi na Moja akiwa katikati ya wimbo na bendi yake mpya, mtu yule alipanda jukwaani na chupa iliyovunjwa shingo. Alisogelea kipaza sauti, akawauliza watu kama wanasikia mwanamke anavyochachisha. Kisha akaurukia mkono wa kushoto wa Kumi na Moja, chupa ikaukwaruza.

Kumi na Moja alivua mkanda wa gitaa, akalishika shingoni kwa mikono miwili. Alimpiga begani. Mfupa ulilia, na kipaza sauti kikaupeleka ukumbi mzima. Alimpiga goti, Kapteni akaanguka. Chupa ikamtoka. Gitaa lilikuwa bado limechomekwa kwenye umeme, kwa hiyo kila pigo liligonga nyuzi zote sita, spika zikanguruma. Akainua mara ya tatu, juu ya kichwa. Watu walikuwa wanapiga mayowe, wengine wakimtaka apige. Akashusha gitaa. Akalivaa tena. Akapitisha mkono juu ya nyuzi.

Mdogo wake alimuuliza kituoni, kwenye benchi la polisi, kwa nini hakumaliza. Dada alikuwa na damu ya watu wawili kwenye gauni.

"Nilisikia nyuzi," akamwambia. "Zilikuwa bado ziko sawa. Nikaona sina tena shida naye."

Mahakama ilimwachia, kwa kuwa alikuwa anajitetea. Kapteni anachechemea mpaka leo.

Miaka iliyofuata, vijana na wazee walikwenda kwake kuuliza wafunge nyuzi gani. Wengi walimtajia wapigaji wanaowapenda. Hakutaka kusikia. Binti yake, ambaye naye anapiga gitaa, anatusimulia hivi: "Mama alikuwa anakushika vidole anavibonyeza mezani, anasikiliza uzito. Mimi aliniambia, wewe ni kumi, usijidanganye. Nilinuna wiki nzima, nilitaka kuwa yeye." Kuna jamaa mmoja mnene, mbeba magunia, alipewa tisa na akashukuru. Kuna msichana mwembamba wa saluni alipewa kumi na mbili, nene kuliko hata za mama mwenyewe.

Moyo ndio uliomwondoa, nyumbani kwake, binti yake akiwa pembeni.

Wasikilizaji wapendwa, salamu za rambirambi zimekuwa nyingi tangu mazishi. Moja imetoka kwa Kapteni. Sikutaka kuisoma. Nimemwonyesha binti, yuko hapa studio pamoja nami, na yeye amesema isomwe yote, nisiongeze wala nisipunguze. Inasema hivi. "Poleni familia. Marehemu alikuwa msanii mzuri, ingawa sikio lake lilikuwa na kasoro, nami nilijitahidi kumrekebisha kadiri nilivyoweza." Mwisho wa salamu.

Kwa binti, kwa mdogo wa marehemu pale buchani, na kwa Mzee Jino ambaye sasa haoni vizuri lakini anatusikiliza, poleni sana. Mwenyezi Mungu awape nguvu, na mkono ule upumzike. Nanyi mliobaki, tafakarini. Kama kuna mtu nyumbani au kazini anayewaambia kila siku kwamba mnakosea, hebu angalieni kwanza ni nani aliyewafungia nyuzi.

Binti ameomba tusiseme zaidi, tupige wimbo. Ulirekodiwa baada ya vidole kuvunjwa. Nami nawaomba muusikilize mpaka mwisho, wewe Kapteni pia, halafu mtupigie simu mtuonyeshe ni wapi umechacha.