Bi Waya na Bweni la Anwani Moja

Ndugu wafiwa, majirani, wakuu wa chuo mlioketi mbele na nyinyi mliosimama juani kwa kukosa viti, familia imeniagiza mimi, mtoto wa kaka yake, niwasomee maisha ya shangazi yetu, na baba amenisihi nisome tu, nisifanye mdahalo, nami nimemwambia nitajitahidi.

Shangazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu na binti pekee wa fundi wa kuchomelea na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1993 akahitimu chuo cha ufundi, fani ya simu, katika darasa ambalo mwanamke alikuwa yeye peke yake, na ambalo mwalimu alimuuliza siku ya kwanza kama amepotea njia ya kwenda ushonaji.

Januari 1994 aliajiriwa na shirika la simu, akipanda nguzo, na tarehe 2 Mei 2003 akahamia chuo chetu kuwa fundi wa mtandao, ambako watu walimfungulia mlango, wakachungulia nyuma yake, wakauliza, "Fundi yuko wapi, mama?" naye akajibu, "Anakuja, acha nimtangulizie kazi," akatengeneza, akaondoka. Jina la Bi Waya walimpa kwa dhihaka, akalivaa kama nguo ya sikukuu.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na dereva wa lori la maziwa, huyu mpole mnayemwona hapa, wakajaliwa binti na mvulana, waliojifunza kuhesabu kwa kukunja nyaya mezani.

Juni 2011, yeye na wenzake sita walianzisha kikundi cha kujitolea, na hapa nitaeleza, maana wengi mlimcheka bila kujua mnacheka nini. Kila simu na kila kompyuta inayoingia mtandaoni huhitaji anwani ya namba ili majibu yaifikie, namba za zamani ziligawiwa zikaisha, ndiyo maana bweni letu zima la wanafunzi hapa chuoni likawa linatumia moja, ilhali namba mpya, ndefu, za kumtosha kila mtu na nyingine zikabaki, zipo, zinasubiri tu mtu aziwashe kwenye mitambo. Kila Jumamosi walizunguka maofisini na mashuleni wakiomba kuziwasha bure, bure kabisa, na bado walifukuzwa kama wachuuzi. Tatizo la kazi hiyo ni kwamba ikifanikiwa haionekani. Mhasibu mmoja alimwambia, "Bi Waya, umewasha, mbona kila kitu ni kilekile?" naye akasema, "Ndiyo kazi yenyewe, mwanangu, ungeona tofauti ningekuwa nimeharibu."

Na aliharibu mara moja, sitaficha. Tarehe 28 Septemba 2018 aliruhusiwa kuzima anwani za zamani chuoni kwa saa moja, aone nini kitasimama bila hizo, na kilichoanguka ni mashine ya kuchapia hati za mishahara, siku yenyewe ya mishahara. Kikundi kikapigwa marufuku, na kila alipoomba tena alijibiwa kwamba hakuna uhitaji.

Agosti 2022 madaktari waligundua figo zake zinashindwa kazi, akawa anakwenda hospitali ya wilaya kusafishwa damu. Tarehe 18 Novemba 2024, asubuhi ya mtihani wetu wa mtandaoni, mwenzetu bwenini alikosea nywila mara nyingi, mitambo ya watahini ikaifungia anwani yake, na kwa kuwa ilikuwa yetu sote, tukafungiwa wote, mimi nikiwemo, kwa kosa la mmoja. Ghafla uhitaji ukapatikana. Shangazi alikuwa kitandani, mpira wa damu mkononi, akiwaelekeza wenzake wa kikundi kwa simu, muuguzi akamwambia, "Mama, weka simu chini upumzike," akamjibu, "Nipumzike, watoto wafeli?" Kabla ya adhuhuri kila mmoja wetu alikuwa na anwani yake, tukafanya mtihani.

Chuo kikatangaza kwamba anwani hizo zimewashwa kwa majaribio tu, na mwisho wa mwezi huu zitazimwa. Ijumaa nilipokwenda kumwona hakuuliza dawa wala matokeo yangu, aliuliza, "Wamezima?" nikamwambia, "Bado, shangazi," akafumba macho. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule wa simu, majirani mlioleta maturubai na maji, wafanyakazi wenzake, na kikundi chake, ambao leo nao ni wafiwa. Tunawashukuru pia wakuu wa chuo kwa shada kubwa, lililoandikwa kwamba pengo lake halizibiki. Baba, nisamehe, nilijitahidi. Mkuu wetu, pengo hili linazibika, maua haya yatanyauka kabla ya wiki kwisha, lakini anwani zile mkiziacha zikiwaka, hakuna atakayeona tofauti, na kazi hiyo isiyoonekana ndiyo Bi Waya mwenyewe.

Pumzika sasa, shangazi, simu tumeishika sisi.