Nyimbo za Mwenyewe kwa Tarumbeta

Ndani ya behewa, mama mshonaji alimtazama kwa jicho la pembeni kijana aliyepakata tarumbeta. "Kumbe ndiwe unayepiga nyimbo za yule mwimbaji wetu bila maneno? Mwanangu, mwenzio katunga mwenyewe, neno kwa neno. Wewe umekula nyama, umetuachia mfupa."

Kijana alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. "Ma-ma-mama," alianza, na behewa zima likamsubiri. "Ni-nikiimba, mnacheka. Ni-nikipuliza, mnanyamaza. Si-siachi."

"Hata mwenyewe akikukataza?"

"A-aje."

Akapuliza wimbo mzima bila kukwama popote.

Treni iliposimama, mshonaji alishuka akisisitiza kuwa huo ni wizi mtupu. Hakufika mbali kabla ya kuanza kuimba yale maneno, ubeti kwa ubeti.