Mkono Chini ya Gazeti

Benchi liko mbele ya duka la kinyozi, chini ya bati lililochomoza ukutani, na mguu wake mmoja umelegea kiasi kwamba wanaolikalia wamezoea kuambiana kabla ya kuinuka, la sivyo wa pembeni hujikuta chini. Wenyewe ni watatu. Yupo Kinyozi, ambaye mkasi wake husimama kila mazungumzo yanaponoga, hata kama mteja amenyolewa upande mmoja. Yupo Wakili, muuza makufuli, aliyepewa jina hilo kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi mahakamani na tangu siku hiyo hajaacha kuutoa. Na yupo Mzee Rula, mpima ardhi mstaafu, mtu wa chuo kikuu, asiyekubali habari mpaka aipitishe kwenye hesabu. Mama Birika ndiye anayewamiminia kahawa. Hapo awali walikuwa wanne. Wa nne walimwita Chumvi, kwa kuwa walimwona mtu wa kutia chumvi katika kila anachosimulia. Chumvi aliacha kuja muda mrefu uliopita, na mahali alipokuwa akikaa sasa panakaa kofia ya Wakili. Asubuhi moja Mzee Rula alikuwa amerejea kutoka ng’ambo, alikokwenda kumtazama binti yake aliyejifungua, na alikuwa na neno alilolibeba tangu uwanja wa ndege.

— Haya, msafiri, — alianza Kinyozi. — Mjukuu kafanana na nani?

— Na babu yake wa upande wa pili, — alijibu Mzee Rula. — Lakini sikuja na hilo. Nimefika lile soko.

— Soko gani?

— La samaki, la jumla. Lile la Chumvi.

Mama Birika alisita, birika likiwa limeinamishwa na kahawa haitoki.

— Ina maana lipo? — aliuliza Wakili.

— Lipo.

— Kubwa kama alivyokuwa akituambia?

— Yeye alipunguza. Mkwe wangu alinifikisha langoni kunapambazuka, nikapewa buti za mpira, nikaambiwa nisivuke mstari wa njano. Ukumbi huo, macho hayafiki mwisho. Sakafu yote maji. Barafu inasagwa kwenye mashine na kuchotwa kwa koleo kama kokoto. Jodari wamelazwa safu kwa safu, wamekatwa mikia, na wanunuzi wanainama na tochi kumulika nyama pale ilipokatwa. Mikokoteni inapita mbio, na hakuna anayekuomba njia. Ukizubaa, shauri yako.

— Na kelele je? — Kinyozi aliuliza polepole. — Maana ugomvi wetu naye ulikuwa hapo kwenye kelele.

Mzee Rula alikiweka kikombe chini. Alikumbuka vizuri. Chumvi alikuwa akisimulia kwamba, alipokuwa kijana, alipita katika soko hilo asubuhi moja, akaona muuzaji na mnunuzi wakikubaliana bei pasipo neno: mikono yao imefichwa chini ya taulo, vidole vinashikana na kuachiana, ili jirani asijue samaki kauzwa kwa ngapi. Mzee Rula ndiye aliyeokota kipande cha mkaa na kuandika ukutani hesabu ya kumpinga. Vidole vya mkono mmoja ni vitano. Bei za samaki hazina idadi. Basi jambo hilo haliwezekani. Hesabu ilikuwa safi, na benchi zima liliipigia makofi.

— Hakuna kelele, — alisema. — Wanashikana vidole. Chini ya taulo, kama alivyosema.

— Acha utani, mzee!

— Kinyozi, lete hilo shuka unalowafunika wateja.

Shuka lilikung’utwa nywele na kutandazwa mapajani. Mzee Rula aliingiza mkono wake chini, akamwambia Wakili aingize wake.

— Mkono wako una jasho, Wakili.

— Hiyo ni hofu ya kudhulumiwa. Endelea.

— Nimeshika vidole vyako viwili. Huo mshiko wa kwanza ni maelfu. Nakuachia. Sasa nashika vitatu. Hayo ni mamia. Ukinikwaruza kiganja, umekataa. Ukinifinya kidole gumba, tumemalizana. Umeona? Mimi nilihesabu vidole. Sikuhesabu kwamba mkono unaweza kushika, ukaachia, ukashika tena.

Wakili alibaki ameuacha mkono wake chini ya shuka.

— Kumbe ni jambo dogo hivi, — alisema.

— Dogo. Mtoto angelielewa.

— Na siku ile alitaka kutuonyesha, — alisema Mama Birika.

Akaendelea mwenyewe, huku akifuta vikombe ambavyo tayari vilikuwa vikavu.

— Msijifanye mmesahau. Alitandaza gazeti, akaingiza mkono chini yake, akasema, “Njoo mmoja wenu nimwonyeshe.” Mkacheka. Wewe, Kinyozi, ulicheka mpaka ukamkata yule mteja sikio.

— Halikukatika, liliparuzwa tu.

— Mkono ulikaa chini ya gazeti. Hakuna aliyeushika. Mwisho akautoa, akanywa kahawa yake, akawaaga wote kwa adabu, na kesho yake hakuja.

Mzee Rula hakuwa amesahau. Kule sokoni, taulo la kwanza lilipofunika mikono ya watu wawili mbele yake, aligeuka kumgusa mtu bega amwambie, “Unaona?” Kulikuwa na mgeni mwenye kamera tu. Bega alilolitafuta lilikuwa la Chumvi, na alirudi nyumbani kwa bintiye akiwa na soni ambayo mkwewe aliidhania kuwa ni baridi.

— Hata hivyo, — alisema Kinyozi, — mtu haachi kijiwe kwa kuchekwa tu. Mimi nadhani ni meno. Alikuwa na jino bovu, kahawa ya moto ikawa inamtesa, akaona haya kusema.

— Meno! — Wakili aliruka, benchi likayumba. — Mtu mzima anahama kwa ajili ya jino? Huyu alirudi kule kule sokoni. Sikilizeni: mtu hapiti mahali asubuhi moja akakumbuka mpaka namna vidole vinavyoshikana na kuachiana. Kule aliacha mke.

— Mke yupi tena?

— Muuza jodari! Wamebishana bei chini ya taulo, mkono haukuachiwa, kesho yake ndoa.

— Wakili, ungesema hivi mahakamani siku ile ungefungwa wewe, — alisema Mama Birika.

— Ngoja, sijamaliza. Na inawezekana soko ni lake. Fikirini. Tajiri kabisa, anajificha kwetu na suruali ile iliyopauka, atazame nani atamwamini akiwa hana kitu. Tungeupokea ule mkono, leo hii sote tungekuwa mameneja.

— Wewe meneja wa nini?

— Wa barafu. Kuna makufuli ya barafu yanahitajika, hamjui.

Walicheka, lakini kicheko kilikatika kabla ya kushika kasi, kama injini ya asubuhi. Mzee Rula peke yake hakucheka. Aliondoa kofia ya Wakili mahali ilipokuwa, akampa mwenyewe mkononi.

— Mimi naona tumfuate, — alisema. — Sina maneno mengi. Nataka nikae mbele yake, nitandaze gazeti, nimwambie, “Nionyeshe.” Sitamwambia kwamba nimekwenda. Anionyeshe yeye.

— Kama bado yupo, — alisema Kinyozi. — Kifua chake hakikuwa kizuri.

— Ndiyo maana nasema leo.

Kiti cha kunyolea kilikuwa na mtu ambaye hadi hapo hakuna aliyemtilia maanani: dereva wa teksi, mpita njia, aliyeingia kupunguziwa ndevu na kusahaulika na povu shavuni. Alijifuta kwa kiganja, akatoka nje.

— Shikamooni, wazee wangu. Nimewasikia. Gari langu hili hapa, na nina nafasi. Ingieni niwapeleke.

— Marahaba, mwanangu! — Wakili tayari alikuwa mlangoni mwa gari. — Mungu akuzidishie!

Waliingia kwa haraka ambayo hawakuwa nayo kwa miaka mingi, Mzee Rula mbele, Kinyozi na Wakili nyuma, shuka la kunyolea likiwa bado begani mwa Kinyozi. Mama Birika aliwapenyezea gazeti la siku hiyo dirishani. Dereva aliwasha gari.

— Tunakwenda upande upi?

— Juu kule, — alisema Mzee Rula. — Alikuwa akiondoka kwa njia ya ofisi ya maji.

— Nyumba gani?

— Ukifika mtaani, ulizia. Ni mtu mashuhuri, anapenda kuongea.

— Sawa, baba, — alisema dereva, akatia gia. — Niulizie nani?

Kinyozi alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Mzee Rula. Mzee Rula alimtazama Mama Birika dirishani.

— Mimi najua alikuwa hatii sukari, — alisema Mama Birika taratibu.

— Jina lake tu, wazee. Nikibisha hodi akatoka mkewe, au mjukuu, nimwambie tunamtafuta nani?

Neno walilokuwa nalo lilikuwa moja, lile walilombandika wenyewe kwa kumcheka, na wote wanne walilijua. Mzee Rula alijiona amesimama kwenye kizingiti cha nyumba ya watu, gazeti mkononi, akilitamka mbele ya mjukuu wa mtu. Injini iliunguruma. Dereva alisubiri kwa adabu, mkono kwenye gia, akiwatazama kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, kisha akanyoosha kidole na kuzima gari.