Komodoro Abueg na Sahani Ambayo Hakuigeuza

Ndugu waombolezaji, familia imemtuma Macario huyu mnayemsikia, shemeji wa marehemu, awasomee habari hizi, naye shule aliiachia darasa la sita, lakini marehemu alimjua kuliko makarani wote wa jeshini.

Komodoro Telesforo Abueg alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, Noveleta, mkoa wa Cavite, hapa kwetu Ufilipino, mtoto wa mfuga majogoo wa kupigana, akasoma hapo hapo, akaingia chuo cha maofisa Baguio mwaka 1957, akahitimu 1961, akapangiwa jeshi la wanamaji, kufumbua ujumbe wa siri wa redio. Mwaka 1974 aliwaumbua wafanya magendo wa visiwa vya Sulu alipong'amua kwamba majina yao ya siri yalikuwa ya majogoo walioshinda Jumapili iliyotangulia, ingawa aliyemtajia majogoo hao ni Macario, na faili halikumwandika. Mwaka 1986 akawa mkuu wa ujasusi wa wanamaji.

Alimwoa Bi Milagring tarehe 6 Juni 1964, wakajaliwa Ligaya na Anselmo, naye Anselmo akawa mwanamaji. Tarehe 9 Novemba 1991 Anselmo aliitwa melini katikati ya chakula, na kwetu mtu akiondoka wenzake wakila, wanaobaki hugeuza sahani zao, kuzizungusha hapo hapo mezani, ili afike salama, wote wakageuza, isipokuwa Komodoro.

“Mama Selmo, meli inakwenda kwa injini, siyo kwa sahani.”

“Geuza tu, mzee, utapungukiwa nini?”

Akacheka, hakugeuza.

Siku ya nne ujumbe wa siri uliingia, akaufumbua kwa mkono wake mwenyewe, meli imezama kwenye dhoruba, hakuna aliyepona. Amri ilikuwa familia zisiambiwe mpaka utafutaji uishe, na akina mama wengine thelathini walikuwa wakingoja, hivyo siku tatu aliketi mezani akiificha habari hiyo, ila kila mlo aligeuza sahani yake, polepole, mzunguko mzima.

Siku ya tatu ya kugeuza huko, Bi Milagring akamshika mkono. “Selmo hayupo, eti?”

Akaigeuza sahani yake tena, na mkewe akaelewa. Miaka miwili Bi Milagring hakula naye meza moja, hadi alipostaafu, 1993, ndipo akamwekea sahani tena.

Figo zilimsumbua tangu 2015, na tarehe 11 Februari 2017, saa saba mchana, akatuaga chumbani, sisi tukiwa mezani. Tunawashukuru madaktari, wanamaji wenzake, na majirani mliokesha nasi kwa kahawa na karata.

Mchana ule, Ligaya alipotoka chumbani akilia, Bi Milagring aligeuza sahani yake, kisha akanyoosha mkono, akaigeuza na ya mumewe, aliyokuwa amemwekea kama kila siku.

Safiri salama, Komodoro, msalimie Selmo, upumzike kwa amani.